Vitenzi Vitiifu

Kilema, Moshi
11 Machi 1956

Kwa mdogo wangu Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitika, hata kama ni kwa uvivu.

Sisi wazima. Mguu wa baba bado unamsumbua, lakini mdomo wake hausumbuliwi na chochote. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, na sote tulikuwa tumekaa tukingoja jike. Shemeji yako Theophil amechaguliwa kamati ya kanisa, basi siku hizi anatembea polepole kama askofu, na mimi nambebea kiti. Mvua imeanza. Chumba chako hakivuji, nilikiangalia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita Mama Euphrasia alinisubiri nyuma ya kanisa. Unajua kwamba tangu ile siku ya Januari hajawahi kunitazama usoni. Nilikuwa nyuma yako pale langoni kwake ulipompelekea habari ya kifo cha mwanawe, na maneno aliyokuambia niliyasikia yote: kwamba umemtupa Euphrasia kwenye mchanga wa watu, usikanyage tena kwake mpaka uje naye. Angekujaje mkeo, naye ameshazikwa huko Dar es Salaam, yeye na kichanga chake? Mama alilijua hilo. Uchungu ndio uliosema.

Mara hii alinishika mkono. Akanipa kitu chako. Nimekupelekea pamoja na ndizi kavu na kahawa, Kasmir wa lori la vitunguu atakuletea. Kifurushi ukipokee mwenyewe, Severine, kwa mikono yako. Siandiki zaidi kwa sababu mambo mengine hayaandikwi, na wewe ni mtoto wa hapa.

Halafu anataka kujua mwanawe amelala wapi. Pakoje? Kuna mti? Niandikie vizuri, nitamsomea.

Dada yako,
Mektilda


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
15 Aprili 1956

Dada Mektilda,

Milele amina. Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake, na shemeji pia.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile, kwenye mizani dukani kwa Mzee Vallabhdas. Maharage yanapanda, vitunguu vinashuka. Mkewe, Mama Hemlata, hunipa chapati mchana, nakula. Mwezi wa Ramadhani umeanza na mwenye nyumba wangu, Mzee Zahoro, amefunga, kwa hiyo mpaka magharibi hakuna anayethubutu kumuuliza kitu.

Kasmir alifika nikiwa kazini, akamwachia yeye mzigo. Sisimizi walikuwa wameshaanza kuingia, ikabidi aufungue. Nilikuta ndizi na kahawa juu ya kitanda changu. Ahsante. Mwambie mama mkwe kahawa yake ni nzuri.

Nimeanza darasa la jioni la Kiingereza. Mwalimu anaitwa Uwesu, mtu wa Kilwa, mchana ni karani. Tumeanza na vitenzi. Anasema viko vitenzi vikaidi na viko vitiifu. Vitiifu ukijua kimoja umejua vyote. Kutembea ni walk, na jana ni walked. Kupika ni cook, na jana ni cooked. Kesho unatanguliza neno dogo tu mbele, basi. Hakuna kinachokushtua.

Nikitoka kazini nafungua dirisha nipate mwanga, nakaa na daftari mpaka giza. Ubao wa dirisha ulikuwa unagonga kwa upepo. Mzee Zahoro ametafuta kamba akaufunga kwenye msumari, sasa nasoma bila kelele. Naandika kitenzi, jana yake, leo yake, kesho yake, kisha kingine. Kichwa kinakuwa kitupu. Napenda hivyo.

Lile swali la mama mkwe nitalijibu siku nyingine.

Mdogo wako,
Severine


Kilema
27 Mei 1956

Severine mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe, na iwe pia na mzee wako wa Kiislamu, najua ameshafungua.

Hapa baba yuko vile vile. Lile dume tumelipa jina Mtihani. Shemeji yako alisoma barua yako akataka na yeye ajue vitenzi vitiifu, basi tangu hapo akinituma maji ananiambia "walk", na mimi namjibu "walked", maana nimeshakwenda na kurudi naye bado amekaa.

Nilimsomea Mama Euphrasia barua yako. Mstari wa kahawa niliuruka. Kahawa haikutoka kwake, Severine. Ilikuwa ya kwangu.

Sitakuuliza kitu, kwa sababu kile alichokupelekea, mtu haulizwi. Anayepewa ndiye anayesema, au anakuja. Kwa hiyo nangoja, naye anangoja. Anapita hapa kila siku ya soko akijifanya anatafuta moto wa kuazima, huku kwake moshi tunauona.

Nitakuuliza lile ninaloruhusiwa. Kaburi likoje? Na kuna jambo jingine nimeliona nikisoma barua zako tangu Januari. Hujaandika jina la mke wako hata mara moja. Unasema "marehemu", unasema "ile habari". Mama yake unamwita mama mkwe, wakati dunia nzima inamwita Mama Euphrasia. Mwenye kovu usidhani kapoa, hilo nalijua, lakini wewe sasa unalificha hilo kovu hata wewe mwenyewe usilione.

Andika upesi.

Mektilda


Kariakoo
8 Julai 1956

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama na Mtihani anakua.

Samahani kwa kuchelewa. Mzee Vallabhdas alileta mzigo mkubwa wa mchele na tulikuwa tunafanya kazi mpaka jioni sana. Sasa umekwisha. Baridi ya hapa si baridi, lakini watu wanavaa masweta. Mtaa wa pili kulikuwa na harusi na ngoma siku tatu. Nilizisikia kwa mbali ingawa zilikuwa karibu.

Darasa linaendelea. Septemba kuna mtihani, na Mwalimu Uwesu anasema atakayefaulu anaweza kupata ukarani. Ameniweka mbele kwa sababu sikosei. Lakini mwezi uliopita alinisimamisha. Alikuwa ametuambia kila mtu atunge sentensi za maisha yake mwenyewe. Akachukua daftari langu, akasoma, akasema:

"Severine, huyu mtu ni nani?"

"Mtu gani, mwalimu?"

"Huyu unayemwandika. Yeye alipika, yeye alifunga mlango, yeye atatembea. Ukurasa mzima ni yeye tu. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Nikamwambia nitarekebisha, na nyumbani nikaandika tena ukurasa mzima, na nilipomaliza nikaona nimeandika "yeye" tena.

Wiki iliyofuata alinipa kitenzi cha kulia. Nacho ni kitiifu, ila herufi ya mwisho inabadilika. Nilikiandika kwa mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao, jana, leo na kesho. Nilipata alama zote. Nilikaa kwenye dirisha nikautazama ule ukurasa mpaka mwanga ukaisha, na ndani yangu hakukuwa na kitu, dada. Nilifungua kamba, nikarudisha ubao, nikalala.

Nakuandikia hayo kwa sababu umesema niandike. Sina habari nyingine.

Severine


Kilema
26 Agosti 1956

Severine,

Baba mzima, Theophil mzima, ng'ombe wazima. Salamu zimekwisha.

Nimekaa kimya tangu Machi kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa navunja mwiko na baba amesema nivunje. Mama Euphrasia alikupelekea isale.

Jani alilikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba chake cha migomba, akalifunga fundo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mama mzima, mwenye mvi, aliyemzika mume na sasa hana mtoto, anamwomba radhi kijana kwa maneno aliyoyasema langoni. Nililizungushia kifurushi chako lisikunjike. Nani amewahi kukataa isale? Hata mtu ambaye ndugu yake ameuawa, akipelekewa isale hulipokea. Baba alipogombana na jirani kwa ajili ya mfereji, wasisalimiane miaka, lilikuja jani moja na jioni ile ile walikunywa pombe kwa kata moja. Na wewe umejibu nini? Kwamba kahawa ni nzuri. Kisha ukatueleza habari za ubao wa dirisha.

Mama Euphrasia haji tena kanisani. Haendi sokoni. Haji tena hata kuazima moto. Wanawake wanasema kosa lake lazima liwe kubwa kuliko tunavyojua, kama isale limekwenda na halikurudi na jibu. Nilikwenda kwake Ijumaa. Alikuwa amekaa gizani. Aliniambia, "Mwache. Ana haki." Severine, nimelia njia nzima, na mimi si mtu wa kulia barabarani.

Kama umelikataa, andika kwamba umelikataa, tujue tuna ndugu wa namna gani. Kama kuna jambo jingine, liseme sasa. Barua hii nampa Kasmir aitie mkononi mwako, na nimemwambia asiondoke mpaka umeisoma mbele yake.

Mektilda


Kariakoo
6 Septemba 1956

Dada Mektilda,

Hii anaileta Kasmir, anaondoka alfajiri. Isome kisha uende kwake hapo hapo.

Niliisoma barua yako nimesimama kwenye mizani. Mzee Vallabhdas aliniuliza, "Vipi, Severine, kuna msiba nyumbani?" Aliichukua ile ratili ya mizani mkononi mwangu akaiweka chini, akasema, "Nenda, bwana. Mchele hautakimbia."

Nilimkuta Mzee Zahoro barazani anakunywa kahawa. Nikamuuliza kile kifurushi cha ndizi kilikuwa kimefungwa na nini.

"Si ile kamba yenu ya majani," akasema. "Imara kweli kweli. Ndiyo hiyo niliyokufungia dirisha. Ilikuwa na fundo la ajabu katikati, ikabidi nilifungue. Nikasema Wachaga wanajua biashara, lakini kufunga mzigo hawajui."

Niliingia chumbani. Lilikuwa pale kwenye msumari. Limekauka, limekuwa rangi ya majani ya chai, na katikati bado kuna alama pale fundo lilipokuwa.

Dada, Mzee Zahoro hana kosa. Yeye ni mtu wa pwani, kwake jani ni jani. Mimi nimezaliwa ndani ya uzio wa masale. Na nililifungua kila usiku, nikalifunga kila jioni, tangu Aprili, kwa vidole hivi, na sikuliona. Nililitazama huku nikiandika vitenzi na sikuliona. Hilo ndilo linalonitisha. Sikukataa kitu. Sikuwapo.

Nilimweleza mzee maana yake. Kikombe kilibaki mkononi. "Astaghfirullah," akasema. "Nimefungia dirisha msamaha wa mtu." Kisha akaanza kunifokea kana kwamba mimi ni mwanawe: "Sasa unasimama nini hapa? Mama wa watu yuko gizani! Chumba chako hakiendi popote."

Kasmir hana nafasi safari hii, lori limejaa. Nitaondoka naye tarehe kumi na tatu. Mtihani ni tarehe kumi na tano. Mwalimu Uwesu amesema mtihani huwa unarudi kila mwaka.

Mwambie mama nimelipokea. Mwambie leo, kabla jua halijatua.

Severine


Kilema
14 Oktoba 1956

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mara hii nataka uitike kwa sauti, majirani wa Sikukuu wasikie.

Baba anasema umekonda, mimi nasema ulikuwa hivyo tangu utoto. Mtihani amevunja uzio na kula migomba ya paroko. Theophil kama mjumbe wa kamati alikwenda kuomba msamaha, na paroko alimfanya achimbe shimo.

Tangu ulipoondoka, Mama Euphrasia amerudi kanisani. Anakaa benchi lake lile lile na anaimba vibaya vile vile. Wanawake waliosema maneno sasa wanamletea kuni. Lakini kila siku ya soko anakuja hapa, siku hizi moto hautaki tena, anauliza moja kwa moja: "Ameandika?"

Nitakuambia jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hapa. Siku ile mlipokaa kupatana, mlipokwisha kunywa ile kata ya mbege, alipokuuliza tena pakoje alipolala mwanawe, nawe ukasema, "Sijui, mama. Sijarudi pale tangu siku ya kuzika," nilifumba macho. Nilidhani atakufukuza mara ya pili. Alipoinuka akatoka nje nilishika mkoba wangu kabisa. Kumbe amekwenda kuchimba mche. Alipokukabidhi lile isale lenye mizizi, limefungwa kwa maganda ya mgomba, alisema, "Mimi sitafika huko. Magoti yangu hayafiki. Nenda ukaone kwa macho yangu."

Umekwenda? Mche haungoji sana.

Dada yako,
Mektilda


Kariakoo
2 Desemba 1956

Dada Mektilda,

Milele amina. Nimeitika kwa sauti. Mzee Zahoro ameniuliza nazungumza na nani.

Shikamoo, na shikamoo kwa baba. Mwambie shemeji achimbe taratibu. Hapa mvua za vuli zimenyesha, Msimbazi umejaa, na mchele umepanda.

Barua hii msomee Mama Euphrasia yote, usiruke mstari.

Mama, sikwenda mara moja. Mche niliutia kwenye kopo la maziwa chini ya dirisha, nikaumwagilia kila siku, na kila Jumapili nilisema nitakwenda Jumapili ijayo. Mzee Zahoro ndiye aliyechoka. Jumapili iliyopita nilipotoka misa nilimkuta mlangoni amevaa kanzu, ana jembe dogo na debe la maji. Akasema, "Leo twende." Tulikwenda pamoja, yeye kabeba maji.

Nilihangaika kupaona. Misalaba ya mbao imekuwa mingi tangu mwaka jana na rangi ya wetu imefifia kwa jua. Niliutambua kwa ule ubao wa sanduku la chai nilioupigilia mwenyewe. Ni mchanga, mama, kama ulivyosema. Sitakudanganya. Lakini ni mchanga safi, mweupe, hauna mawe. Mti upo. Ni mkorosho, uko hatua chache, na baada ya adhuhuri kivuli chake kinawafikia. Kushoto amelala mzee mmoja wa Songea, watu wake hupafagia na wamekuwa wakipafagia na petu bila kutujua. Kulia ni wazi.

Mtoto yuko mkononi mwake. Nilimweka mwenyewe, upande wa moyo. Alikuwa msichana. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilichimba kichwani pa kaburi, nikapanda isale. Mzee Zahoro akamwaga maji. Akaniuliza, "Mkeo aliitwa nani? Nimuombee." Alimjua, dada, alikaa naye nyumba moja, lakini alikuwa akimwita Mama tu. Nikafungua mdomo niseme Euphrasia, na jina lilipotoka nililia. Nililia vibaya, nimepiga magoti, kamasi zinatoka, nikamwita tena na tena. Euphrasia. Mzee aligeuka akatazama mkorosho mpaka nilipomaliza, kisha akanipa maji ya debe ninawe uso. Inaniuma sasa. Inaniuma kila mahali, asubuhi nikiamka na dukani nikipima. Nilikuwa nimesahau kwamba inauma hivi.

Lile jani la kwanza nimeliondoa dirishani. Ubao nimeufunga kwa kamba ya katani. Jani liko ndani ya kitabu cha sala cha Euphrasia.

Jumatatu nilikwenda darasani. Mwalimu Uwesu aliniita ubaoni nitunge sentensi, kitenzi kitiifu, wakati uliopita. Nilichukua chaki nikaandika: I buried my wife and my daughter. Yaani niliwazika mke wangu na binti yangu. Aliisoma, akanitazama, hakusahihisha kitu. Nimekaa na wenzangu darasa moja tangu Aprili na hakuna aliyekuwa anajua. Wakaanza kusema pole, kila mtu kutoka alipokaa, fundi cherehani, wale makuli wawili wa soko, na mwalimu mwenyewe mwisho.

Desturi ya hapa mtu akipewa pole hujibu, "Nimeshapoa." Sikujibu hivyo. Nilisema, ahsanteni, nikarudi kukaa.

Mdogo wako,
Severine